Mafuta ya Bunduki Ndani ya Piano

Piano haitaki mafuta. Sufu iliyo ndani ya vibao ikishayanywa huvimba, mbao hunata, na kibao ukikibonyeza hakirudi. Sufu tuliipaka poda ya watoto. Pini za chuma, unga wa penseli nyeusi laini. Penseli ngumu hukwaruza. Hayo nilifundishwa na mzee mmoja, mtunzaji wa klabu ya Kasese, aliyeiangalia piano ile tangu enzi za Wazungu. Mimi nilikuwa mwalimu Bwera, na Jumapili nilipiga kinanda kanisani.

Miaka ya sabini wanajeshi waliichukua klabu, na mzee wakamrithi pamoja na viti. Siku moja mkubwa wao akaniita: Jumamosi dada yake anaolewa, na vibao kumi na viwili vimegoma. Nilipanda lori la pamba, penseli na poda mfukoni.

Nilipong'oa kibao cha kwanza, harufu ya mafuta ya bunduki ikanipanda puani. Nina hasira za karibu, sikatai.

"Mjinga gani amemwaga mafuta humu?" nikafoka.

Askari wote wakatazama chini. Kambini chochote kinacholia hutiwa mafuta, iwe bawaba, baiskeli au kitanda. Nikautazama uso wa afande aliyeniita, nikajua ni yeye mwenyewe.

"Unasema nani mujinga?" aliuliza taratibu.

Mzee akaweka ufagio chini.

"Ni miye, afande. Niliona iko nalia, nikaweka mafuta. Mwalimu hajue kitu."

Uongo mtupu. Mzee huyo aliwahi kunifukuza kwenye piano ile kwa sababu nilileta kopo la grisi! Afande naye alijua ni uongo, ila ulimfaa.

"Peleka yeye," akasema.

Wakampakia kwenye landrova. Niliona aibu, lakini woga ulizidi. Nikabandua sufu iliyoloa, nikabandika vipande vya blanketi la jeshi, nikavipaka poda, nikafuta pini na kuzisugua penseli, mpaka vibao vyote vikarudi sawasawa. Jumamosi nikapiga, watu wakacheza.

Mzee hakuonekana tena. Baada ya wiki mbili mke wake alikuja Bwera kwa miguu kutoka Kisinga. Alikaa kwenye benchi la darasa langu, akaniuliza mume wake alikosea nini.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Siku hiyo sikuwepo."