Bima ya Meno ya Watu Wawili

Sadru na Shahnaz hawakuwa watu wa kugombana. Ugomvi wao wa mwisho ulihusu meno.

Waliishi Agincourt, mtaa wa Toronto huko Kanada, karibu na maduka ambako Shahnaz alinunua muhogo na dania. Sadru, mzaliwa wa Tabora, alifundishwa na baba yake ufundi wa cherehani, na Toronto aliendelea na kazi hiyohiyo kwenye kiwanda cha makoti mpaka kilipofungwa. Alistaafu bila bima. Shahnaz, mtoto wa Ujiji, alikuwa mdogo kwake na bado alipika kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Bima ya kazini kwake ndiyo iliyowatibu meno wote wawili.

Mwezi wa tisa mwajiri akabadilisha kampuni ya bima, na kila mfanyakazi akatakiwa achague upya. Kulikuwa na mpango mdogo wa kusafisha, kuziba na kung'oa, na mkubwa unaolipia mpaka kofia za kuvika meno yaliyovunjika. Kisha useme ni wako peke yako au pamoja na mwenzi wako. Ukishachagua, hubadilishi hadi mwaka uishe.

Hadi mwaka uishe. Maneno hayo yalimchoma Shahnaz. Kiangazi kile Sadru alikuwa amegundulika kuwa na saratani ya kongosho, na daktari aliwaambia kwa upole wasipange mambo ya mbali.

Jumapili binti yao Shafina akaja kutoka mji jirani wa Markham na kompyuta yake. Akalinganisha mipango, kisha akasema kwa Kiingereza, kama alivyozoea kuzungumza nao: "Mummy, chukua ule mdogo, wa mtu mmoja. Baba akiumwa jino nitalipa mimi." Alisema macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Mtoto ana akili," Sadru akamwambia mkewe kwa Kiswahili, lugha ambayo Shafina hakuielewa vizuri. "Jiandike peke yako, Mama Shafina. Mimi na meno haya tutaondoka pamoja."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Mashine inayokwenda kutupwa huinunulii vipuri."

Shahnaz akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba na kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kesho yake alikwenda kwa Wajiha, mama aliyeshughulikia mambo ya wafanyakazi. "Mpango mkubwa," akasema. "Watu wawili." Wajiha alipomuuliza tarehe ya kuzaliwa ya mumewe, aliitaja kwa sauti ya juu, kama vile kuna mtu aliyembishia.

Sadru alipojua, alikasirika kweli. "Unatupa pesa bure!"

"Miaka yote hii sijawahi kukufuta popote," Shahnaz akamjibu. "Nianze leo, kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe umekaa hapo unanitazama?"

Sadru hakusema naye siku mbili tatu.

Baridi ilipoanza, dawa zilikuwa zimemkausha kinywa, na gego likapasuka. Hakumwambia mtu. Shahnaz alimwona akichovya mkate kwenye chai na kuumeza bila kutafuna, akadhani ugonjwa umefika pabaya. Alipomkazania, mzee akafungua mdomo.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba umeshinda?"

Daktari wa meno alikuwa kijana mchangamfu. Alielezwa kuhusu saratani na dawa, akawasiliana na hospitali, lakini hakuna aliyemwambia muda uliobaki. Akalipima jino, akafurahi. "Nikilivika kofia, mzee wangu, litakaa miaka kumi na tano. Hata zaidi."

Sadru akamgeukia mkewe. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Shahnaz naye akacheka, wakacheka mpaka muuguzi akacheka nao bila kujua kwa nini. Kisha kicheko kikamgeuka Shahnaz kuwa kilio. Akatoka nje ya chumba, akasimama kwenye ukumbi akiwa ameuelekea ukuta wenye makoti ya wagonjwa.

Aliporudi, Sadru akamshika mkono. "Unataka nilivishe?" akauliza kwa Kiswahili.

"Nataka."

"Haya." Akamgeukia daktari. "Weka hiyo ya miaka kumi na tano."

Kwa wiki chache alikula. Alitaka muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu, na alitafuna kwa upande ule kwa kishindo, makusudi, ili mkewe amsikie akiwa jikoni. Hakumshukuru, wala Shahnaz hakungoja shukrani. Mwaka mpya ulipoingia, hamu ya chakula ikamwisha. Alifariki mwezi wa pili, Shafina akiwa amemshika miguu. Walimzika katika ardhi iliyoganda, na watu wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada, wakamletea mjane chakula mpaka friji ikashindwa kufungika.

Aliporudi kazini, Wajiha alimfuata jikoni, akasubiri aitue sufuria. "Pole sana, dada. Kuna lile jambo la bima, ambalo kwa msiba halingoji mwaka uishe. Nitalifanya mimi, wewe utatia sahihi tu."

"Hapana. Nionyeshe, nilifanye mwenyewe."

Akaketi mbele ya kompyuta. Ikamuuliza sababu ya kumwondoa mwenzi wake: talaka, kutengana au kifo. Shahnaz alikaa muda mrefu, kidole kikiwa juu ya kitufe. Alipobonyeza, jina la Sadru likatoka, likabaki lake. Wajiha akamletea maji.

Jioni Shafina akapiga simu. Alipoambiwa kwamba jina la baba yake limeondolewa, akalia. "Mummy, nilikosea kuhusu ile bima."

"Hukukosea," mama yake akamwambia. "Hesabu yako ilikuwa sawa."

Shafina akazidi kulia.

"Njoo Jumapili," Shahnaz akasema mwishowe. "Kabati la baba yako sijalifungua bado."