Nilivyolia kwenye Keki ya Watu

Mungu kaninyima vingi, lakini majina kanipa. Shule niliishia darasa la nne, miwani yangu ina mguu mmoja, magoti yote mawili ni ya kubahatisha. Ila ukinitajia jina lako leo, hata ukirudi na mvi nitakuita nalo, na la mama yako nitaongeza. Katika haya ninayoandika sitataja hata moja. Mwenyeji wetu wa Uholanzi alisema, "Andika utakavyo, dada, lakini majina yetu yaache huku huku." Nimekubali, ingawa yananiwasha ulimini kama bibo bichi la mkorosho.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni huyo mwenyeji, ambaye zamani alikuwa nesi huku kwetu Mtwara. Alipanga chumba nyumba ya pili kutoka kwangu, mtaa wa Chuno, na Kiswahili alijifunzia barazani kwangu tukibangua korosho, ndiyo maana mpaka leo anaongea kama mtu mwenye kazi mkononi. Tulimwita Nesi, na ni Nesi hadi kesho, japo amestaafu na nywele zimekuwa pamba. Wa pili ni shoga yangu wa Mikindani, mjane wa mwenye duka la vitambaa. Babu zake walitoka India, lakini Kiswahili chake ndicho kinachonyoosha changu. Wa tatu ni mimi, niliyekwenda Ulaya na kanga sita, nikazivaa zote siku ya kwanza kwa sababu ya baridi. Pale uwanja wa ndege Nesi alinikumbatia akasema, "Umenenepa!" Nikamwambia, "Subiri nivue."

Alitualika kutembea. Alisema sisi tulimwonyesha nchi yetu mpaka Msimbati na mdomo wa Ruvuma, sasa ni zamu yake. Lakini jioni ya pili, tukiwa tunakunywa chai, akatoa la moyoni. Ana dada yake mmoja tu, mkubwa, na hawajasemeshana tangu mama yao alipofariki. Mama alifariki Nesi akiwa Mtwara. Masika ilikuwa imekata barabara ya kusini, kama ilivyokuwa ikikatika enzi zile kabla ya lami na daraja, na habari ilimfikia Nesi wakati mama ameshazikwa. Dada mtu akaona mdogo wake hakujali.

"Jumamosi watu wanakutana kwa dada," Nesi akasema. "Nataka kwenda. Lakini peke yangu siwezi. Akinifungia mlango mbele ya watu wote wale, basi, mimi na yeye tumekwisha. Twendeni wote."

Tukasema tutakwenda. Wala sikuuliza watu wanakutana kwa ajili ya nini. Nilijua. Kwetu, ndugu walionuniana hawakutanishwi na pilau. Hukutanishwa na jeneza. Na msiba haudadisiwi. Unajifunga kanga yako, unakwenda.

Siku zilizobaki kabla ya Jumamosi tulitembea, na mimi nilijiaibisha kwa utaratibu, mji kwa mji.

Tuliona miji ambayo maji yamepita katikati kama barabara, na nyumba zake nyembamba zimeegemeana kama wazee wanaotoka msikitini. Madirisha ni makubwa na pazia hawafungi. Unapita njiani unamwona mtu anakula, mwingine anasoma, mwingine anakuna mgongo. Mimi kila dirisha nikawa nasimama nabisha hodi kwa mdomo, "Hodi wenyewe! Habari za humo?" Shoga yangu akanivuta mkono.

"Wewe, unachungulia nyumba za watu!"

"Sichungulii. Wao ndio wamejianika. Nipite kimya kama mwizi?"

Mzee mmoja alinipungia uma. Nikamwambia shoga, umeona? Mwenye adabu yupo.

Tuliona mashamba ya maua, mstari mwekundu, mstari wa njano, mpaka macho yanachoka. Niliuliza yanaliwa? Nesi akasema hapana. Mizizi yake je, si inafanana na kitunguu? Hapana, haichemshwi. Nikasikitika kwa sauti. Mtu wa kwetu tunakochimba hata ming'oko porini tukaichemsha, kuona ardhi nzuri namna ile imelimwa kwa ajili ya kutazamwa tu, moyo unauma. Shoga akasema, "Kaa kimya, tupige picha." Kwenye picha ile wote wanacheka, mimi peke yangu nimeshika kiuno kama bwana shamba aliyekuja kukagua hasara.

Jibini tulionjeshwa sokoni, madude ya duara kama mawe ya kusagia. Nilisema tamu. Nilisema uongo mbele ya Mungu na ya shoga yangu, maana ladha ilikuwa kama mche wa sabuni uliosahauliwa uani.

Kilichonishinda kabisa ni bahari. Tulipanda ukuta wa udongo wenye majani, kondoo wanakula juu yake, Nesi akasema: upande huu bahari, upande ule mashamba na nyumba, na mashamba yapo chini kuliko maji. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Kweli. Mtu kasimama kwenye bustani yake ya kabichi, na meli inapita juu ya utosi wake. Mimi nimezaliwa karibu na Ruvuma, nimeona mto ukila kingo na mashamba ya watu yakaenda. Nikamuuliza Nesi, "Na nyumba yako wewe iko juu au chini?" Akasema chini. Tangu hapo nikawa nalala na viatu.

Jumamosi ikafika. Nesi alivaa suti nyeusi. Hakula. Alinunua maua meupe akayashika kifuani kama mtoto mgonjwa. Mimi nikasema moyoni, msiba mzito huu. Nikatoa kanga yangu nyeusi, nikatoa na mfuko wa korosho za Mpapura nilizozikaanga mwenyewe, maana msibani huendi mikono mitupu. Shoga akaniuliza, "Kafa nani?"

"Sijui. Jamaa yao."

"Nesi amesema?"

"Msiba unasemwa? Mtazame alivyo."

Akamtazama, akaenda kubadilisha shela.

Nyumba ilikuwa kijijini, ya matofali, na mbele yake mfereji. Mlango ulifunguliwa na mama mrefu, mkavu, miwani imening'inia kifuani. Sikuambiwa kuwa ndiye dada. Pua ilikuwa ileile ya Nesi. Akamtazama Nesi. Nesi akamtazama. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu tu, mkono wa dada mtu bado uko kwenye kitasa.

Nikaona hapa tukisimama sana tutafungiwa. Nikapita. Mwili wangu si wa kupita kwenye nusu mlango, kwa hiyo mlango ulifunguka wote. Shoga akafuata nyuma. Nesi akabaki kizingitini.

Ndani, jamani, ulikuwa msiba mtupu. Viti vimepangwa duara kuzunguka ukuta. Watu wazima wamekaa wima, vikombe magotini, wanaongea polepole. Hakuna ngoma, hakuna kicheko. Kila mmoja ana kipande cha mkate mtamu ambacho hakigusi. Nikaanza kuzunguka nikiwapa mkono, maana ndivyo tunavyofanya, na kumbe nao ndivyo wanavyofanya: kila ninayemshika anasimama, anataja jina lake, anasema na neno refu la kooni ambalo wote walikuwa wakilisema. Nikajua ndiyo pole yao. Nami nikawajibu, "Pole sana, baba. Pole, mama. Kazi ya Mungu." Duara zima. Majina yao nikayaweka mahali pake kichwani.

Juu palining'inia karatasi za rangi rangi, zimefungwa kwa kamba. Shoga akanifinya.

"Mwenzangu, hizi si karatasi za furaha?"

"Kila watu na mila zao. Usiwachekee."

Hapo ndipo nikaiona picha. Iko juu ya kabati, na mshumaa pembeni yake. Mwanamke mzee, kola ya lesi, pua ileile. Nilikuwa naijua picha hiyo. Nesi alikuwa nayo Chuno, na siku habari ilipofika tuliiweka juu ya meza yake ndogo, tukatandika mkeka chini, tukakaa naye siku tatu kama tunavyomkalia yeyote. Jirani akileta uji, mwingine akileta muhogo. Mzee mmoja wa mtaani alisema yule si wa dini yetu, mnamlilia nini? Shoga yangu huyuhuyu akamjibu, "Mama ni mama. Wewe nenda kaswali."

Basi nikasema, kumbe! Si jeneza jipya. Wanamkumbuka mama yao, kama sisi tunavyosoma hitima. Mambo yote yakakaa sawa kichwani mwangu, na hapo ndipo nilipopotea kabisa.

Nikamwendea dada mtu pale mlangoni, nikamshika mikono yote miwili, nikamwekea korosho, nikaanza kulia. Mimi nikilia, nalia cha Chuno. Mtaa wa pili wanasikia. Nikamlilia mama yao kwa jina. Jina lake lote, la kwanza na la ukoo, nikalirudia kama tulivyolirudia mkekani miaka ile: "Mama fulani wee, umetuachia watoto, mama fulani wee." Shoga yangu, aliyekuwa na wasiwasi mwanzo hadi mwisho, aliponiona nimeanza hakuweza kuniacha peke yangu. Akalia naye.

Bwana mmoja alishusha kikombe taratibu sana.

Dada mtu alikuwa amekauka. Akasema kitu kwa Kiholanzi, bila kunitazama, anamtazama mdogo wake. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake. Nesi akayageuza kwa Kiswahili: "Anauliza, jina hilo nani kakufundisha?"

"Mwambie wewe ndiye. Mwambie tulimkalia mama yenu matanga. Mwambie hukula, nilikulisha uji kwa kijiko kama kifaranga, na ukautema kwenye kanga yangu mpya."

"Hilo nalo nimwambie?"

"Hasa hilo."

Akamwambia. Dada mtu akauliza. Nesi akajibu. Dada akapandisha sauti, Nesi naye akapandisha. Nikasikia "Mtwara", nikajua wamefika kwenye barabara. Mikono ya Nesi ikaonyesha mvua, ikaonyesha tope mpaka kiunoni. Waligombana mbele ya watu wote wale, na mimi katikati, bado nimeshika vidole vya dada mtu. Mara nikahisi vidole vile, vilivyokuwa kama vya mti, vimeanza kunishika na vyenyewe. Akasema maneno machache, polepole. Nesi akaanza kulia.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Anasema hakujua. Alidhani sikulia."

Kisha Nesi huyohuyo, machozi hayajakauka, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Dada yangu," akaniambia, "umefanya vizuri sana. Lakini hapa hakuna msiba. Leo ni siku ya kuzaliwa ya dada yangu huyu. Ametimiza miaka sabini."

Sakafu zao ni za mbao nzuri, zimebanana. Hakuna tundu la kumezea mtu. Nilitafuta. Nilikuwa nimezunguka chumba kizima nikiwapa watu pole, nao wakinipa hongera, kwa sababu mwenzao hajafa. Shoga alifuta macho kwa ncha ya shela, akanong'ona kwa meno yaliyobanwa, "Karatasi za furaha. Nilikwambia."

"Ungesema kwa nguvu."

"Ungesikia? Ulikuwa unalia!"

Nesi aliwaeleza wenzake. Kwanza hawakujua wacheke au la, kisha yule bwana wa kikombe akaanza, na duara lote likafuata. Dada mtu hakucheka. Alichukua yale maua meupe mkononi mwa mdogo wake, akayatazama, akaenda kutafuta chombo cha maji. Watu wakasogea, kiti kikaongezwa, Nesi akakaa. Ikaja keki ina mishumaa. Wakaimba, na mwisho wa wimbo wote wakainua mikono juu, mara tatu, kwa kelele. Mimi mikono ikiinuliwa huwa nasema neno moja tu. "Amina!" nikasema, mara tatu, na nadhani Mungu aliipokea.

Wakati wa kuondoka nilimuaga kila mtu kwa jina lake. Wengine walishtuka. Dada mtu alisimama mlangoni, safari hii mlango umefunguliwa wote, akamuuliza Nesi jambo kwa ukali.

"Anauliza Jumatatu tunakwenda wapi. Nimemwambia vinu vya upepo."

"Halafu?"

"Anasema sijui njia, sijawahi kuijua, nitawapoteza."

Jumatatu asubuhi alikuwa nje ya nyumba ya Nesi kabla hatujamaliza chai, kavaa koti la mvua, kapanda garini, kiti cha mbele. Waligombania kila njia panda. Shoga akaniuliza kama tuwaamue. Nikamwambia tangu tufike Nesi hajawahi kuendesha kwa raha namna hii, tuwaache.

Vinu vilikuwa vikubwa kama vilivyosemwa, na upepo wake ulikuwa wa kweli. Dada mtu, huku akiendelea kufoka, akamgeuza mdogo wake, akamfunga skafu vizuri shingoni, akamvuta kofia mpaka masikioni, kama anavyovalishwa mtoto wa kwenda madrasa. Nesi alisimama tuli, mikono chini. Mimi na shoga tukageukia kinu, tukakikodolea macho kama watu waliotoka Mtwara kwa ajili yake tu.