Siku Karani Alipokifuata Kidonda Changu

Nyie mnaocheka mkiliona hili kovu la muundini, leo nawasimulia mwenyewe, maana nimechoka kulisikia kwa Makuru kila anapokunywa pombe (na yeye anaongezaga chumvi, anasema nililia, sikulia). Ni kweli niliaibika. Niliaibika mbele ya kijiji kizima na mgeni wa serikali juu yake, na aliyeniaibisha ni ng'ombe.

Ilikuwa ndiyo tumehamia kijiji cha ujamaa, huku upande wa Butiama, na sisi akina mama tulikuwaga na shamba letu la pamba la pamoja. Shida yetu ilikuwa plau. Plau ya kijiji ilikuwa moja tu, wanaume wanalima kwanza, wakimaliza ndiyo tunapewa sisi, na mpaka wamalize mvua zimeshakwenda zake, kwa hiyo pamba yetu kila mwaka inapandwa imechelewa, na ikifika Bunda kwa wanunuzi inatupwa kwenye fungu la mwisho. Nikasimama mkutanoni nikasema tunataka siku zetu mwanzoni mwa mvua kama watu wengine. Makuru, binamu wa mume wangu, ambaye ndiye alikuwaga mshika plau, akasema bila hata kuinuka alipokaa, "Shemeji, plau siyo mwiko wa ugali. Itakuvunja."

Watu wakacheka, na mimi mnanijua, nikichekwa ndiyo naongeza mwendo. Nikambana mwenyekiti mpaka akakubali: siku anayokuja mgeni wa kilimo kutoka Musoma, akina mama walime mstari mmoja mbele yake, kuanzia njiani mpaka kwenye mkonge wa mpakani. Ukinyooka, tunapata siku zetu. Ukipinda, hayo maneno tusiyalete tena.

Tukaanza kujifunza, mimi na Nyabise jirani yangu, asubuhi asubuhi kabla wanaume hawajatoka. Siku moja tunageuza kule mwisho wa shamba, plau ikaruka jiwe, ncha yake ikanichana hapa muundini mpaka nikaona kitu cheupe. Jambo la kwanza nililowaza halikuwa mguu. Niliwaza Makuru asijue, maana angesema ndiyo hayo niliyowaambia. Nikamwapisha Nyabise, nikashusha khanga, nikatembea kama mtu aliyechoka tu.

Kidonda kikatunga usaha. Nikaenda zahanati, dresa, yule mfunga vidonda, akakiangalia akatikisa kichwa, akasema sindano za penisilini zimekwisha, nenda Musoma hospitali, na huko ujue watakulaza. Kulazwa, na mgeni anakuja wiki hiyo hiyo? Nikamwambia asante, nikarudi nyumbani kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu (mume wangu alikuwa Musoma kazini, kwa hiyo tulikuwa mimi na yeye na watoto) alikuwa mtu wa maneno machache na yote makali. Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akakiosha kile kidonda bila kunihurumia hata kidogo, akapaka asali ya kaka yake wa Buswahili, nzito, akafunga kitambaa alichokichemsha na kukianika juani. Kila asubuhi anafungua, anaosha, anapaka tena. Na harufu ikapungua kweli, nyama ikaanza kuwa nyekundu pembeni. Lakini aliniambia, "Mama Nyangeta, nisikilize. Hii ni asali, siyo sindano. Ukipata homa au mtoki, unakwenda Musoma. Na usiongeze kitu chako humu."

Sasa, mtoki ukaja. Ukanivimba hapa juu ya paja, kinenani, na baridi ya homa nikaisikia mgongoni, nikamficha mama mkwe. Nilikuwa nimeshaamua: nalima kwanza, kufa baadaye.

Siku yenyewe ikafika, nafungua kitambaa mwenyewe nakuta kimelowa chapachapa. Nikajiuliza nitasimamaje mbele ya mgeni na maji yanachuruzika mguuni. Na hapo, jamani, ndipo nilipofanya kile kitu kidogo. Pale jikoni kulikuwa na kibuyu cha magadi, yale ya kuwalambisha ng'ombe, na mimi nimekua nikiona magadi yananyonya maji kwenye ngozi inayoanikwa, nikasema basi hata kidonda yatakikausha. Nikachota, nikasaga, nikakoroga na asali, nikapaka tabaka nene, nikafunga. Kiliwaka moto mpaka nikaona nyota mchana kweupe. Nikajikaza. Nikasema hiyo ndiyo dawa inafanya kazi.

Shambani watu wamejaa. Mgeni amekalishwa kando ya njia kwenye kiti chenye kitambaa cha mezani, mwenyekiti pembeni, Makuru amesimama kwa mbele kabisa amekunja mikono. Ng'ombe wetu walikuwa wawili, Shujaa na Karani. Karani tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anapenda kusimama anatazama wenzake wakifanya kazi. Nikaenda mbele kuwafunga nira. Naweka nira shingoni kwa Karani, nikamwona anapanua pua. Akashusha kichwa taratibu, akaingiza mdomo chini ya khanga yangu, akanilamba.

Mnaujua ulimi wa ng'ombe. Ni msasa. Sasa uweke juu ya kidonda.

Nikaruka. Watu wakaanza kuguna. Nikajifanya narekebisha mnyororo, nikazunguka nyuma, nikashika mikono ya plau, Nyabise mbele na kamba, nikapiga mluzi waondoke. Shujaa akapiga hatua. Karani akagoma, akageuza shingo nyuma kunitafuta, nira ikapinda, Shujaa naye akageuka kuona mwenzake anatafuta nini, plau ikaanguka, na wale ng'ombe wawili wakaja kwangu wakiwa wamefungwa pamoja, bila haraka yoyote, kama wanakuja nyumbani. Nikarudi nyuma. Wakaja. Nikaenda kulia, wakaja kulia. Nikajikuta nimefika kwa mgeni, nikapanda juu ya kile kiti chake baada ya yeye kukiacha (alikiacha haraka kuliko nilivyotegemea mtu wa ofisini), na Karani akafika, akavuta kitambaa cha kidonda kwa ulimi kikafunguka chote, akaanza kutafuna kitambaa na asali na magadi, na kidonda changu kikabaki wazi mbele ya kila mtu.

Kijiji kilicheka mpaka watu wakakaa chini. Nikamsikia Makuru, "Shemeji, si nilisema?" Na mama mkwe wangu kule nyuma hakucheka. Alikuwa anaangalia ule mguu.

Nitawaambia ukweli, nilitaka ardhi ipasuke. Lakini nikiwa pale juu ya kiti nikaona njia, na mkonge ule kule mpakani, na wale ng'ombe wawili wametulia sambamba wananitazama mguu. Nikamwambia Nyabise, "Achana na kamba. Shika plau." Akasema, "Na wewe?" Nikasema, "Mimi nakwenda mbele."

Nikamnyang'anya Karani kile kitambaa, nikashuka, nikatembea kinyumenyume, nachechemea, khanga nimeishika mkononi mpaka magotini mbele ya baba wakwe na mgeni (hiyo aibu peke yake ingetosha), napeperusha kitambaa karibu na muundi, na ng'ombe wakanifuata, Nyabise nyuma yao kaikandamiza plau ardhini. Sikuangalia watu. Niliangalia pua ya Karani mpaka mgongo wangu ukagusa mkonge, na hapo nikaanguka.

Mgeni akaufuata ule mstari mwanzo mpaka mwisho, akainama, akachungulia kwa jicho moja. Akasema, "Umenyooka." Mwenyekiti akamwangalia Makuru. Makuru akakuna kichwa, akasema, "Umenyooka, ndiyo. Sijawahi kuona plau inayovutwa na kidonda, ila umenyooka." Tukapewa siku zetu.

Mimi sikusubiri kupigiwa makofi, maana nilishaanguka. Mgeni akanipakia kwenye Landrova yake mpaka Musoma, mama mkwe kakaa pembeni yangu ananung'unika njia nzima. Nesi alipokiona kidonda akauliza nimepaka nini. Mama mkwe akajibu kabla yangu, "Mimi nilipaka asali. Mengine muulize yeye." Nesi akasema hizo siku za asali na maji safi zilizuia kuoza, ila magadi yameunguza nyama, na usaha ulishaingia ndani zaidi, na homa hiyo ni ya sindano, ningechelewa kidogo mguu ungekatwa. Nikachomwa makalioni mpaka nikawa silali chali. Mguu ukabaki, lakini mnaona hatua yangu mpaka leo.

Tangu hapo nimeapa: kidonda changu sikifichi, na nikiambiwa usiongeze kitu, siongezi. Asali kwa kidonda kidogo, sawa, natumia. Homa ikiingia, naondoka siku hiyo hiyo, hata kama anakuja mgeni gani.

Pamba yetu ilipandwa na mvua ya kwanza mwaka ule. Na Karani, mpaka alipozeeka, nikipita tu karibu na zizi anaacha kucheua, anainua kichwa, anautazama mguu wangu kwa heshima zote. Namwambia, hapana ndugu yangu, duka lilishafungwa.