Keki Zilizobonyea

Kazini, kwenye duka la kuoka keki, walimwita Mama Ikiwa. Akiwa na miaka hamsini kasoro mmoja alijiandikisha darasa la jioni la hesabu, apate cheti alichokikosa ujanani, na tangu walipofika kwenye uthibitisho hakuwa na sentensi isiyoanza na neno hilo. Mumewe alimtania kwamba siku hizi hata chumvi anaiomba kwa hatua tatu.

Asubuhi moja keki arobaini zilitoka tanurini zimebonyea katikati. Ukutani palikuwa na onyo, kwa mwandiko wa Mama Ikiwa mwenyewe: ikiwa mlango utafunguliwa mapema, keki zitabonyea. Aliyelinda tanuri alikuwa wifi yake, mwenye wiki mbili tu kazini.

"Onyo linasemaje, wifi? Keki zimebonyea. Basi ulifungua."

Wifi aliapa kwamba hakuugusa mlango. Mama Ikiwa akamjibu, mbele ya watu wote, kuwa mwongo ni mwongo hata akipakwa unga. Mwenye duka akaamua: ikifika saa nne, wifi avue aproni aende zake.

Wakati wa chai Mama Ikiwa alifungua daftari lake. Ikiwa mvua imenyesha, ua umelowa. Ua umelowa. Je, mvua imenyesha? Chini yake alikuwa ameandika: si lazima, huenda mtu kamwaga maji. Mwalimu alimpa vema kubwa jekundu. Chai ilimpalia.

Alirudi mbio kwenye tanuri, aliloliwasha yeye alfajiri. Mshale wa kipimo ulionyesha joto la kutosha. Lakini ikiwa joto linatosha, unga ukinyunyizwa ndani hugeuka kahawia kwa dakika moja. Kila mwokaji anajua. Akanyunyiza, akangoja dakika tatu. Unga ulibaki mweupe pe. Basi joto halikutosha, na mshale ulikuwa umekwama; na keki zikikosa joto hubonyea hata mlango usipoguswa. Njia hii ya kurudi nyuma ni halali. Ile ya asubuhi ilikuwa dhuluma.

Kosa la hadharani haliombewi radhi uchochoroni. Saa nne kasorobo aliwaita wote, mwenye duka akiwemo, akawaonyesha ule unga, akasema kwa sauti ileile ya asubuhi: "Mwenye kosa ni mimi. Wifi, nisamehe."

Mwenye duka alimwambia wifi afunge aproni yake vizuri, kazi inamsubiri. Wifi akafuta macho, akamtazama Mama Ikiwa juu hadi chini.

"Ikiwa nitakusamehe, utaosha trei zangu wiki nzima."

Mama Ikiwa alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi na kufungua bomba.

"Osha tu, wifi yangu," akasema wifi. "Lakini kuosha kwako si uthibitisho kwamba nimekusamehe."