Fundi cherehani aliyefuata uonevu hadi nyumbani kwake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, cherehani inalia kwenye baraza inayotazamana na geti la shule ya msingi. Msichana wa darasa la nne amesimama hapo, sweta mwilini, shati la sare mkononi. Kifungo cha pili hakipo, na kipande cha kitambaa kimeondoka nacho.

"Umepatwa na nini, mama?" fundi anamuuliza.

"Nilinaswa na mlango, Bibi."

"Mlango wenye vidole! Huo mgeni kwangu."

Msichana anacheka bila kutaka.

Fundi huyu ana miaka 58, na wanafunzi humwita Bibi Sindano. Ameshona sare hapo kwa miaka 22. Kazi imemfunza jambo ambalo walimu hawakuliona: uzi uliochakaa hukatika wenyewe na kuliacha shati zima. Kifungo kikitoka na kitambaa, kuna mkono uliovuta.

Muhula wa kwanza mwaka huu mashati ya namna hiyo yalizidi. Akaanza kuyashona kwa uzi mwekundu upande wa ndani, ili shati likirudi alitambue. Yalifika 29, na mengine yalirudi mara tatu. Mtoto mmoja aliacha kabisa kuja shule.

Alimweleza mwalimu mkuu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa nia njema, mwalimu mkuu alitangaza kwenye paredi kwamba kila mwenye uzi mwekundu aende ofisini. Hakwenda hata mmoja. Ilipofika mapumziko, waonevu walikuwa wakipekua mashati ya wenzao kutafuta "wambea".

"Nilijilaumu mimi kwanza," anasema fundi. "Siri ya watoto niliishona mwenyewe, halafu nikaiacha itangazwe uwanjani."

Akaomba kikao. Walikuja wazazi, walimu, mlinzi wa getini, muuza matunda na mama anayesafisha vyoo. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Msafishaji alikuwa akiokota vifungo kwenye uchochoro wa nyuma ya vyoo. Muuza matunda aliwajua watoto wasiothubutu kupita huko. Mlinzi alimjua kiongozi wa kundi, lakini akasita.

"Sema tu, kaka," fundi akamhimiza.

"Utanisamehe, dada. Ni huyo unayekaa naye."

Alikuwa mjukuu wake wa darasa la saba, aliyemlea tangu ana miaka miwili.

Mzazi mmoja alisimama akataka afukuzwe siku hiyohiyo. Fundi hakumtetea. "Niliwaambia, mfukuzeni, atahamia shule nyingine na vidole vilevile. Au abaki hapa, sote tukimwona."

Nyumbani alimweka kitako.

"Nilipokuwa darasa la tatu waliniita chokoraa, Bibi."

"Hawa unaowang'oa vifungo, nao walikuwepo?"

Mjukuu akatikisa kichwa. Walikuwa hawajaanza hata shule.

Kikao kiliamua abaki. Uchochoro ulizibwa upande mmoja, na wazazi wakapangiana zamu za kusimama pale wakati wa mapumziko. Kundi zima liliomba radhi kwa kila mtoto mbele ya wazazi wake, si kwenye paredi. Watoto nao waliambiwa wachague mtu mzima wa kumweleza shida zao. Walimpita mwalimu wa nidhamu, wakamchagua msafishaji.

Mjukuu alipewa kazi ya kushona vifungo barazani kila Ijumaa. Kifungo chake cha kwanza bibi alikifumua mara nne. "Kilikaa kama jipu," anasema, bila huruma.

Muhula huu mashati yaliyovutwa ni sita, likiwemo la asubuhi hii. Mtoto aliyeacha shule amerudi. Kabla kengele haijalia, msafishaji ameshavuka barabara. Anamshika msichana wa darasa la nne mkono, wanaingia getini wakizungumza polepole.

"Sita bado ni watoto sita," anasema fundi.

Januari mjukuu wake ataanza sekondari upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayemjua. Bibi ameshaomba kuonana na mlinzi wa huko, na mtu anayesafisha vyoo pia.

"Nataka wanijue mimi," anasema, "kabla hawajamjua yeye."