Bunduki ya Kiitaliano

Kabla ya kuja Uingereza nilipitia mwaka mmoja wa kambi ya jeshi, kama wasichana wengine wa Tanzania waliomaliza kidato cha sita enzi zetu. Tulilima mahindi mengi na kupiga risasi chache. Siku ya shabaha kila mmoja alipewa risasi tano, na afande aliyenisimamia akaniambia nina jicho. Hakufafanua. Zamu ya mwenzangu ilifika, nikainuka kwenye vumbi, na kwa miaka mingi sikugusa tena bunduki.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa idara ya nyumba ya halmashauri huko Barking, London, nina mume na binti mmoja, na bado nilitaka kujua kama afande alisema kweli au jua lilikuwa limemchosha. Mzee mmoja wa Kiingereza pale ofisini alikuwa katibu wa klabu ya shabaha. Bastola zilikuwa zimepigwa marufuku karibuni, wanachama wamepungua, na alikuwa tayari kumpokea yeyote, hata karani mwenye mtandio. Nilifanya mazoezi kwa bunduki za klabu mpaka nikaruhusiwa kuomba leseni ya kumiliki yangu.

Askari wa polisi alikuja nyumbani kukagua. Mume wangu, Mpemba, fundi umeme, ndiye aliyetoboa ukuta wa chumba chetu na kulifunga hapo kabati la chuma la kuwekea bunduki. Askari alilitikisa, akalitikisa tena, akakubali chai. Kisha akamweleza mume wangu kwamba sheria haimruhusu asiye na leseni kujua ufunguo unawekwa wapi.

“Sitaki kujua,” mume wangu akasema.

Askari akaonekana kuridhika, na leseni ikaja.

Dukani bunduki niliyoitaka ilitundikwa katikati ya zile za kuwindia. Umbo lilikuwa lilelile la bunduki ya Kirusi tuliyopewa kambini, ila zile za kambini zilitengenezwa China na hii ilitoka Italia. Ilikuwa na kitako cha mbao na magazini iliyopinda kama ndizi, lakini ilipiga risasi ndogo, nyembamba kuliko penseli, kwa kuwa ya aina hiyo yenye risasi kubwa hairuhusiwi. Muuzaji alinionyesha kwamba ndani ya magazini mna mfereji mwembamba tu, mengine yote ni sura. Alisema anapenda mteja ajue mapema. Nikamwambia nimejua, nikainunua.

Klabu ilipigia shabaha chini ya ardhi, kwenye chumba kirefu chenye harufu ya baruti na koti lililolowa. Nililala kifudifudi, nikalenga, nikafyatua. Kambini bega lilikuwa limeniuma siku mbili. Hapa ulisikika mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, na ganda la shaba likanidondokea kwenye mtandio. Nilimaliza magazini. Katibu aliileta karatasi ya shabaha, akavaa miwani, akaitazama kwa makini kama anayesoma barua ya benki.

“Wastani,” akasema. “Lakini wastani mzuri.”

Niliilaumu bunduki. Katibu, aliyeidharau kwa sababu ya sura yake, akailalia yeye mwenyewe na kupiga matundu yote katikati. Basi maneno ya afande hayakuwa na maana yoyote. Nilihuzunika kidogo, halafu nikaona kwamba Alhamisi, siku ya klabu, ikikaribia bado nafurahi, nikaendelea kwenda.

Wakati huo mume wangu alikuwa amehamia sebuleni kulala. Alisema mgongo unamsumbua. Tulinunua godoro jipya; mgongo haukupona. Nilipomwambia binti yetu ampelekee baba mto, alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba baba haumwi mgongo, baba analiogopa kabati.

Nilimfuata sebuleni nikamuuliza. Alizima televisheni kwanza.

Alisimulia kwamba alipokuwa mdogo, Pemba, askari waliingia nyumbani kwao wakakaa siku kadhaa. Chumba chake walikifanya mahali pao pa kulala, bunduki wakaziegemeza ukutani, karibu na kitanda chake.

“Hawakutupiga,” alisema. “Walikula, wakalala. Mie ndiye sikulala.”

“Mbona hukuniambia kabla ya kutoboa ukuta?”

“Wewe uliitaka sana.”

Nikakaa pembeni yake mpaka tukasikia baridi. Wiki ile nilimwomba katibu bunduki ikae kwenye ghala la klabu, na taratibu za polisi zikakamilika. Mume wangu aliling'oa kabati mwenyewe, akaziba matundu, akapaka rangi ambayo haikulingana na ukuta. Akarudi kitandani, na kukoroma kukarudi naye.

Ila alianza kunipeleka klabu kwa gari. Hakuwahi kuingia. Alibaki nje akisikiliza redio, nami nikitoka ananiuliza nimepigaje kabla sijafunga mkanda. Miaka kadhaa baadaye bega langu liliharibika, nikamwambia tukiwa garini kwamba nimeamua kuiuza bunduki kwa mwanachama mwenzangu. Alivuka mataa mawili kwanza.

“Una hakika?” akauliza. “Isije ikawa kwa ajili yangu.”

Nilimwambia ni bega. Akaniamini, na ilikuwa kweli.