Shamba la Simiyu kwenye Shuka Nyeupe

Kuna watu kule Kanduyi ambao hadi leo hawajui kwamba naitwa Kamau. Wananijua kama yule kijana wa kuandika jina, na siwezi kuwakasirikia, kwa sababu niliandika kweli, jina la marehemu, mbele ya mama yake mzazi, likatokea kwenye shuka nyeupe herufi kubwa kama milango. Aibu hii sijaizoea. Lakini wacha niisimulie mwenyewe, maana nikiwaachia wengine watatia chumvi, na ilivyo inatosha.

Simiyu nilifanya kazi naye Kitale, chumba kimoja cha kutengeneza kompyuta, yeye upande wa dirisha, mimi mlangoni, wateja wetu wengi wakitoka vijiji vya Kwanza na laptopu zilizojaa vumbi la mahindi. Tulikuwa marafiki wa kugombana kila siku, na ugomvi wetu ulikuwa mmoja (utacheka, lakini watu hugombania vitu vidogo kuliko hivi): mashine zetu zote tulizitia mfumo wa Linux badala ya ule wa Windows, na michezo mingi ya kompyuta imetengenezewa Windows, kwa hivyo ukitaka kucheza una njia mbili. Kuna michezo ambayo watengenezaji wenyewe wametoa toleo la Linux, hiyo unafungua tu na inaingia moja kwa moja. Mingine unachukua ile ya Windows, na katikati unaweka programu ya kuifasiria, kama vile mkalimani kanisani anavyosimama kando ya mhubiri wa Kiingereza akigeuza kila sentensi kwa Kibukusu. Mimi nilikuwa mtu wa toleo la Linux lenyewe, nikisema ndiyo heshima, ndiyo usafi, mkalimani ni wa nini? Simiyu alinijibu bila hata kuinua kichwa.

"Wewe bana unataka dini. Mimi nataka icheze tu."

Na yake ilicheza. Ulikuwa mchezo wa shamba, na ingawa toleo la Linux lilikuwepo, yeye alitumia lile la Windows na mkalimani wake, kwa sababu alisema lile lingine watengenezaji walilisahau zamani. Jioni tukishafunga kazi analima. Alijenga huko nyumba ya mabati ya kijani, akaiita nyumba ya Mama, akafuga ng'ombe na kuwapa majina ya ng'ombe wa kwao Kanduyi, na kila Jumapili alimpigia mama yake simu na kumwelezea yote, ati leo nimechimba kisima, leo yule wa madoa amezaa. Mama hakuwahi kuliona shamba lenyewe. Aliyeliona ni Nafula, dada yake Simiyu, aliyekuwa akitutembelea pale kazini.

Mwaka jana Simiyu alipata ajali ya pikipiki akirudi kutoka Suam, kule mpakani. Sitasema mengi hapo. Tulimzika kwao.

Sasa ilipofika siku ya maombi ya kumkumbuka, Mama akanipigia. "Kamau mwanangu, lile shamba alilokuwa akiniambia, bado liko?"

"Liko, Mama. Nitakuja nalo ulione."

Asubuhi ya siku hiyo, nikiwa bado Kitale, niliwasha laptopu ya Simiyu nijaribu. Shamba likafunguka, lakini mwanzoni picha zilikuwa zinakwama kwama na muziki unakatika. Nikafikiria: Mama analiona mara moja tu, mbele ya watu, halafu likwame? Na nitakuwa mwongo nikisema ilikuwa huruma peke yake. Kuna sehemu yangu iliyosema, si sasa ndiyo nafasi ya kumwonyesha Simiyu kwamba nilikuwa sawa? (Kushindana na marehemu, hebu fikiria.) Nikabadilisha, nikaliondoa lile la Windows, nikapakua toleo la Linux, likafunguka laini kama siagi, muziki safi. Nilipoona tu ule ukurasa wa kwanza nikaridhika, nikafunga laptopu, nikaondoka. Sikuingia ndani. Hilo ndilo kosa, hilo tu, mengine yote yalizaliwa na hilo.

Kanduyi nilikuta hema limesimamishwa, viti vimejaa, majirani, watu wa kanisa, mjomba wake Simiyu, Mzee Wanyonyi, amekaa mbele kabisa na kofia yake. Projekta ilikuwa ya kanisa, na shuka ilifungwa kwenye nguzo mbili za hema. Baada ya maombi mchungaji akaniita mbele, akanipa maikrofoni, na mimi badala ya kufungua kitu nilicholetwa kufungua nikahutubia kwanza, nikawaambia akina mama waliokuja kulia kwamba wataona toleo la asili, lisilohitaji mkalimani. Walinitazama kwa adabu sana.

Nikafungua. Ukurasa ukaja, muziki ukaja, nikatafuta neno la kuendelea pale mchezo ulipoachiwa. Halikuwepo. Palikuwa na neno moja tu: Anza.

Ningesema pale pale, jamani nimekosea, nipeni muda, nani angenila? Lakini viti vyote vinakutazama, maikrofoni iko mkononi, na mama wa rafiki yako amesogeza kiti karibu na shuka ili asikose kitu. Nikabonyeza Anza. Nilifikiri (kama nilikuwa nafikiri) kwamba nitaonyesha shamba lolote, watafurahi, tutakula, nitashughulika baadaye. Sikukumbuka kwamba mchezo mpya huuliza jina la mkulima. Kisanduku kikafunguka kwenye shuka, kikubwa, kitupu, nami nikaanza kuandika, S, I, M, kila herufi ikionekana mpaka nyuma kwa wapishi.

"Mbona anaandika jina saa hii?" mtu akauliza nyuma.

Nikamaliza jina, nikabonyeza. Shamba likatokea. Mawe, magugu, visiki, na kibanda kimoja cha mbao.

Mama akasimama, akasogea mpaka karibu aiguse shuka, kivuli chake kikaanguka katikati ya magugu. "Nyumba yangu iko upande gani?"

"Iko kule nyuma ya miti, Mama."

"Na ng'ombe?"

"Wamelala."

Nimesema uongo mwingi maishani, wa kawaida, kama kila mtu. Ule ndio wa kwanza niliousikia ukitoka kwenye spika.

Mama alitazama yale mawe kwa muda, kisha akasema polepole, si kwangu, "Kumbe ni hili tu." Na Mzee Wanyonyi akatikisa kichwa, akamwambia mwenzake aliyekaa kando, bila kuficha sauti, "Vijana. Ati nyumba ya mabati. Alikuwa anamdanganya mama yake kila Jumapili."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sikuwa nimejiaibisha mimi. Nilikuwa nimemfanya Simiyu mwongo, siku ya kumkumbuka, nyumbani kwao, na yeye hayupo kujitetea. Na bado mdomo haukufunguka, nawaambia, ulikuwa kama umeshonwa.

Nafula ndiye aliyekuja mbele. Alisimama kati yangu na watu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hilo silo shamba la Simiyu. Mimi nililiona. Kamau, umefanya nini?"

Nikainua maikrofoni. Nikasema kwamba Simiyu hakumdanganya mtu, aliyedanganya ni mimi, kwamba asubuhi nilibadilisha kitu bila kukiangalia, na shamba lake sijui liko wapi, na hayo ya ng'ombe kulala niliyatunga. Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mchungaji akasafisha koo, akasema chakula kiko tayari, watu wakanyanyuka wakinipita kama mtu anavyopita dimbwi.

Mama akaniuliza jambo moja tu: "Umelipoteza?"

"Sijui, Mama."

Nikaenda nyuma ya jikoni na laptopu, Nafula akanifuata, akanipa simu yake nitumie intaneti. Nilikuwa nalia, sifichi. Yeye akaniuliza, "Kabla hujabadilisha, alikuwa anaweka kazi yake wapi?" na nilipoanza kumweleza nikajisikia nikijieleza mwenyewe. Ile programu ya kufasiria hujenga folda yake peke yake, chini kabisa, chumba cha kuudanganya mchezo kwamba uko ndani ya Windows, na kila alichokisevu Simiyu kilibaki humo. Toleo langu la heshima halikujua hata kwamba chumba hicho kipo. Nikakifungua. Faili zilikuwepo zote, na siku aliyozigusa mara ya mwisho. Nikarudisha toleo la Windows, tukakaa juu ya magogo ya kuni kuungoja ule mstari wa kupakua, unatembea, unasimama, unatembea.

Ulipomaliza nikafungua. Picha zikakwama kidogo, muziki ukakatika. Halafu mabati ya kijani.

Nafula alimwita Mama. Nilitaka kuwarudisha watu wote kwenye hema, lakini Mama alikataa, akasema, "Mwite mjomba wake peke yake." Mzee Wanyonyi akaja na sahani mkononi, akainama, akatazama nyumba, kisima, ng'ombe wenye majina ya ng'ombe anaowajua. Akaweka sahani chini, akavua kofia. "Ni kweli," akasema. "Nitawaambia." Akarudi kwa watu, na tukamsikia akiwaambia.

Mama alikuwa bado anaangalia. Mahindi ya Simiyu yalikuwa yameiva, yamesimama shamba zima.

"Amepanda karibu karibu," akasema. "Nilimwambia huyu mtoto." Kisha akauliza kitufe cha kuvuna ni kipi.

Alivuna yote mwenyewe, kwa kidole kimoja, mstari kwa mstari. Alipomaliza Nafula akamwambia huo mchezo hausevu mpaka mkulima alale. Mama akamwongoza taratibu, akigonga ukuta, akipotea, akirudi, mpaka ndani ya nyumba ya mabati ya kijani, mpaka kitandani.

"Lala, baba," akamwambia.

Mimi toleo lile la Linux nililifuta siku hiyo hiyo, na ule ugomvi nimeuacha, mtu atumie kinachomfaa. Lakini kiapo changu hakihusu kompyuta. Nimeapa kwamba nikiharibu kitu cha mtu nitasema wakati huo huo, kabla hajaniuliza ng'ombe wako wapi.